Mwongozo wa mialo mtandaoni ulinipeleka Kwa Karoli nikakuta mafunjo: tathmini yangu bila kupaka rangi

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Hii ninayoandika nimeiishi mwenyewe. Sijasimuliwa, sijaiokota kwenye magrupu. Atakayesema ni chai, ruksa, ila ajue chai hii niliinywa ikiwa ya moto na ulimi haujapona mpaka leo.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Nyaishozi senta. Wale wa kukimbilia PM kabla hamjamaliza kusoma, leo tulieni. Nina hasira.

Majina ya watu nimebadilisha, ziwa silitaji. Na huo mtandao wenyewe nitauita Mwongozo tu. Sitaki kesi, na sitaki mkawatukane vijana wa watu. Nataka mjue namna ya kuusoma kabla hayajawakuta yaliyonikuta mimi.

Kwa msioijua Karagwe na Kyerwa: mkisikia ziwa msiwaze Victoria. Huku tuna maziwa madogo yamejificha mabondeni, na pembeni kote ni mafunjo. Bandari zetu ni mialo. Mwalo ni ukingo uliofyekwa, mitumbwi imelala, mama mmoja anauza chapati na chai ya tangawizi. Basi.

Na mafunjo ya huku hayatulii. Yanaelea. Upepo ukigeuka, kipande kikubwa kama uwanja wa mpira kinang'oka, kinasogea, kinaziba mwalo. Mnaamka asubuhi hamna pa kutokea. Hilo kwetu ni jambo la kawaida kabisa, kama kuku kulala.

Sasa Mwongozo. Walikuja vijana wenye fulana za rangi ya machungwa, wachangamfu, wakapita mwalo kwa mwalo wakipiga picha. Baadaye app ikatoka. Unafungua, unaona ramani, picha, nyota, kama boti lipo au halipo, namba ya simu, na tiki ya kijani iliyoandikwa "Imethibitishwa".

Watu tuliipenda! Kuona mwalo wa kwenu unang'aa kwenye simu, nani hafurahi? Watu walitoa nyota tano wakiwa wamekaa migombani kwao, hawajapanda mtumbwi tangu wabatizwe.

Turudi kwenye siku yenyewe.

Mdogo wangu, nimwite Editha, aliolewa Kimuli. Ndiye kitinda mimba kwa mama yetu na mgongo uliombeba ni huu wangu. Asubuhi ile alijifungua mtoto wa kike, hospitali moja upande wa Rubwera. Shemeji alinipigia akicheka, mimi nikapiga vigelegele pale pale kwenye cherehani mpaka jirani wa duka la mbolea akaja kuuliza kulikoni.

Chai haijapoa, simu ikaita tena. Safari hii hakucheka.

"Dada, damu inatoka haikati. Wanatafuta damu. Yake ni ile ya shida."

Naijua. O negative. Kwetu wenye damu hiyo ni mimi na Editha tu, wengine wote walishapimwa. Hospitali walikuwa na chupa moja, wakampa. Gari walilotuma kufuata nyingine lilikwama barabarani. Manesi walipambana, sina lawama nao, naomba hilo lieleweke.

Nikafunga kibanda hata kitambaa cha mteja nikakiacha chini ya sindano.

Boda wangu ni Anakleti, mtu mzima, baba wa watoto wanne, ananibeba miaka yote na ananitania miaka yote. Siku ile aliniangalia usoni akawasha pikipiki bila utani.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika bondeni tukakuta karavati limeondoka na maji. Malori foleni, abiria wamekaa kwenye majani, maji yanapita pale kwa kasi ambayo hata ng'ombe asingethubutu. Na upande wa pili niliiona gari ya hospitali imesimama, imewasha taa, nayo haina pa kupita.

Anakleti akanigeukia, "Mama Neema, tupite ziwani."

Nami nilikuwa nimeshafungua Mwongozo. Ukachukua muda kufunguka kwa sababu unaanza na picha, picha kubwa, mtandao wa huku mnaujua. Mwishowe ukaja. Mwalo wa Kwa Karoli. Tiki ya kijani. Gati la saruji, boti la injini, watu wamevaa maboya wanatabasamu. "Wazi."

Kulikuwa na mwalo mwingine mbele zaidi, huo ulikuwa na rangi ya kijivu, hauna picha, umeandikwa "Haujathibitishwa". Wewe ungechagua upi?

Na bado sikuamini kiholela. Nilipiga ile namba. Akapokea mwanaume.

"Shikamoo baba. Kwa Karoli kuko wazi leo?"

"Marahaba. Kuko wazi kabisa mama, njoo."

"Chombo kipo?"

"Kipo, tuko hapa hapa tunasubiri watu."

Wakuu, ningeuliza nini zaidi?

Nikampigia shemeji, nikamwambia nakuja kwa maji, anisubiri ng'ambo na pikipiki. Akamwekea Editha simu sikioni. Sauti ilikuwa ndogo.

"Dada, unakuja?"

"Nakuja mwanangu, niko njiani."

"Usikawie basi."

Hayo ndiyo aliyosema. Nayaandika hapa kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu.

Tukashuka. Njia ni ya ng'ombe, udongo mwekundu, pikipiki inacheza kama ina mapepo. Ramani inatuongoza vizuri tu: kata kushoto, nyoosha, kata kulia. Hata migomba ya mtu ilikwepa. Mwisho simu ikatangaza kwa ile sauti yake tamu, "Umefika."

Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mafunjo.

Maji hayakuonekana hata tone. Gati la saruji lilikuwepo kweli, ndilo lile la kwenye picha, limesimama katikati ya nyasi na mbuzi amefungwa juu yake. Mbuzi akatuangalia, sisi tukamwangalia.

"Mawe!" Anakleti akamwita mama yake kwa kilugha, akashika kichwa.

Kulikuwa na mama anachimba viazi pembeni. Nikamwamkia, nikamuuliza Kwa Karoli ni wapi.

"Kwa Karoli? Mbona walihama."

"Walihama lini?"

"Mafunjo yalipokuja. Sasa wako nyuma ya kilima kile chenye mikaratusi."

"Na hapa panaitwaje?"

Akafikiri kidogo, jembe mkononi. "Hapa? Hapa sasa hapana jina."

Nikasimama pale na mambo yote yakanijia kwa pamoja. Wakuu, mimi ni mzaliwa wa huku, najua desturi hii, na wewe mzaliwa unaijua. Karoli alikuwa mzee mwenye mitumbwi, alikufa kabla sijazaliwa. Wapiga makasia wake waliendelea, wakarithi watoto wao. Mafunjo yakifunga, wanabeba mitumbwi yao wanaenda kufyeka kwingine, na jina wanaondoka nalo. Kwetu mwalo ni watu na mitumbwi yao. Popote walipo, pale ndipo Kwa Karoli.

Kwa hiyo yule baba wa kwenye simu hakunidanganya. Kwa Karoli kulikuwa wazi kabisa. Simu yangu nayo haikunidanganya, ilinileta pale pale ilipoambiwa. Wote wawili walisema kweli, mimi nikaangaliana na mbuzi.

Nikajaribu kupiga, bondeni hakuna mtandao. Ikabidi turudi juu tuzunguke kilima chote. Pikipiki ikazama kwenye tope, tukaisukuma. Ikatuangusha, tukainua. Anakleti alichanika goti akawa anasukuma huku anachuruzika, na mimi namwambia twende, twende, hata pole sikumpa.

Tulipofika kule kwa mikaratusi jua lilishageuka.

Mwalo upo. Mitumbwi ipo, ya makasia. Injini hakuna, nimekuja kuambiwa kuwa lile boti la kwenye picha lilikuja na wale vijana wa fulana na likaondoka nao. Maboya ya kuvaa yapo mawili, mama wa chapati ameyafanya mto wa kukalia.

Mpokea simu nimwite Leonidi. Alisimama akinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama, mbona umekawia? Si nilikwambia kuko wazi?"

Nikamjibu matusi. Sitayaandika, mods wa humu wakali. Yeye akasema tu, "Pole waitu, ndugu yetu, panda," akashika pondo.

Kuvuka kulikuwa kwa shida. Vipande vya mafunjo vimetapakaa ziwani, Leonidi anasukuma kimoja, kingine kinakuja. Nilichukua kasia la akiba nikapiga na mimi, sijui kupiga, nikawa namrushia maji tu. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini ili makasia yaende pamoja, kisha alipoelewa naenda wapi na kwa nini, akaacha wimbo akaongeza kasi. Tukapiga hivyo mpaka ng'ambo.

Shemeji alikuwa amemtuma kaka yake na pikipiki. Yeye mwenyewe hakutoka kwa Editha.

Njiani nilianza kukunja mkono wa gauni. Nilitaka nikifika nisipoteze hata sekunde, wachome tu. Nikaingia getini mkono umekunjwa mpaka begani, nikaingia wodini hivyo hivyo, namwonyesha kila nesi mkono kama mwendawazimu. "Mimi ni O negative. Mimi ndiye dada yake. Toeni."

Nesi mmoja mtu mzima akanifuata. Alishika mkono wangu, akaukunjua ule mkono wa gauni taratibu, akaushusha mpaka kwenye kiwiko, mpaka kwenye kifundo, akafunga na kifungo.

Hapo nikajua.

Editha alikuwa ameondoka wakati mimi niko majini.

Sitaeleza mazishi. Kimuli nzima iliweka majembe chini, hakuna aliyelima mpaka tulipomlaza migombani kwa wakwe zake, na ulikuwa msimu wa kupanda maharage, mvua hizo zinanyesha. Watu walikuja na ndizi zao kichwani. Nawashukuru wote.

Mtoto yuko kwangu. Analala ndani ya beseni langu la vitambaa karibu na cherehani, na mlio wa cherehani ndio unaombembeleza.

Baada ya matanga nilimwambia Anakleti twende. Akauliza wapi. Nikamwambia mwalo kwa mwalo, nataka kuona huu Mwongozo unasema kweli kiasi gani. Alifikiri nimerukwa na akili, lakini akaja.

Nitakuwa mkweli, siyo kila kitu ni kibovu. Mwalo mmoja wa wavuvi tuliukuta ulivyo kwenye picha, hata mti ulioinama upo, na namba ni ya mwenyekiti kweli. Njia za kushukia zimechorwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Yule aliyechora njia alitembea, nampa haki yake.

Ila sehemu ambazo mafunjo yanaelea, Mwongozo umepotea kabisa. Tulikuta pini katikati ya matete. Tulikuta pini mwalo ambao umehama mara mbili tangu picha ipigwe, tiki ya kijani bado inang'aa. Na ule wa kijivu, "Haujathibitishwa", ule nilioupita siku ile? Upo wazi. Una mitumbwi. Tulikaa pale Anakleti na mimi, tukanywa chai tukaondoka.

Kuhusu matumizi yake ndiyo nachoka. Namba ya simu iko chini kabisa baada ya picha tisa. Maoni ya watu yanapangwa kwa nyota, zenye tano juu, kwa hiyo sifa za watu waliokaa nyumbani zinakuja kwanza. Hakuna mahali pameandikwa picha ilipigwa lini. Huwezi kusogeza pini, unaweza tu kubonyeza "Taarifa hii si sahihi", kisha unaambiwa asante kwa mchango wako.

Halafu hili.

Chini kabisa ya ukurasa wa Kwa Karoli kuna kimstari chembamba cha kijivu: "Oni moja limefichwa: lugha haikutambuliwa." Nikalibonyeza. Lilikuwa la Kinyambo. Mtu mmoja, sijui ni nani, aliandika zamani kabla ya msiba wetu, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwamba mafunjo yamefunga pale, watu wasishuke bondeni, mitumbwi imehamia kwenye mikaratusi.

Alisema yote. Neno lile lile nililolihitaji. Mashine ikaona haielewi, ikalifunika.

Niliweka simu chini nikalia mbele ya mteja aliyekuja kupimwa sketi.

EDIT: Kuna mkuu hapo chini kauliza kwa nini watu wa Mwongozo hawapigi simu kuhakiki. Wanapiga, mkuu. Hiyo ndiyo inayouma.

Nilirudi kwa Leonidi kumwomba radhi kwa yale matusi. Tumekaa tunatafuna punje za kahawa alizonikaribisha kwa desturi ya huku, simu yake ikaita. Akaweka sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni ni mbovu. Binti mwenye sauti ya adabu.

"Habari baba, tunahakiki taarifa za Mwongozo. Mwalo wa Kwa Karoli bado uko wazi?"

"Uko wazi," Leonidi akasema.

"Huduma inaendelea?"

"Inaendelea vizuri, karibuni."

Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia, "Binti, muulize wako wapi. Muulize leo wanapakilia wapi."

Akajibu, "Samahani dada, hilo swali kwangu halipo. Ninaloona hapa ni kama uko wazi au umefungwa."

"Liongeze basi."

"Siwezi kuongeza, dada. Naweza tu kuchagua."

Alikuwa mpole, hakunikatia. Hata nilipoanza kumweleza habari za Editha alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole dada. Kisha akaniuliza, kwa kuwa lazima ajaze fomu yake, aweke wazi au umefungwa.

Leonidi akanitazama. Nikisema umefungwa, wanaovuka hapa kila siku watazunguka bure na yeye watoto wake watakula nini. Nikisema wazi, kuna mwingine atapelekwa kwa mbuzi.

Nikamrudishia Leonidi simu yake. Akasema, "Uko wazi, mama."

Sasa wakuu, nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia sana. Ukipiga simu mwalo wowote wa huku usiulize kama kuko wazi. Uliza: leo mnapakilia wapi, na mtu anayekuja kutoka kwangu ashukie njia ipi. Mwambie akutajie mti, kilima, nyumba ya nani. Usimtajie wewe. Na kama unajua Kinyambo au Kihaya, shuka mpaka chini kabisa kwenye maoni yaliyofichwa, wenyeji wanaongea kule. Wenye damu adimu kwenye ukoo, jueni nani anayo na anaishi upande gani wa maji.

Vijana wa Mwongozo, najua mnapita humu. Sijaja kuwavunjia kazi. Wekeni tarehe kwenye picha. Mruhusu pini isogee na watu. Tafuteni hata mwalimu mmoja wa huku awasomee maoni yetu.

Kuna kitu kimoja nilikiruka pale juu.

Siku ile, nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, mkono wa gauni umefungwa kifungo, simu ililia. Nikadhani ni nyumbani. Ilikuwa app. "Safari yako imekamilika. Je, ulifika salama?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Sikubonyeza. Mpaka leo kila nikifungua Mwongozo swali linakuja kwanza; naweza kulisogeza pembeni nikaendelea, ila haliondoki kabisa mpaka ulijibu. Mtoto wa Editha amelala hapa kwenye beseni, na swali lipo mbele yangu sasa hivi ninavyoandika.

Nilifika, wakuu. Mwili wangu mzima, damu yangu yote ndani.

Mniambie hapo chini nibonyeze ipi.